Sauti Yangu na Gololi ya Buluu

Tulimzika Mwalimu Mhina kwao Vugiri, mvua ikinyesha, na ule udongo mwekundu wa kule ukanishika viatu mpaka leo sijamaliza kuubandua. Baada ya maziko tuliketi wanawake chini ya turubai tukinywa chai ya tangawizi, ndipo Nuru akanitambua. Miaka zaidi ya ishirini hatujaonana. Amenenepa, amevaa miwani, lakini kicheko chake ni kile kile kinachotangulia maneno. Akanishika mabega mbele za watu. "Jamani, huyu ndiye Mama Tatu! Huyu mnayemwona, hana cheti wala nini, ndiye aliyetuokoa mimi na marehemu tusije tukaua watu Handeni. Mashine ilipokosea alisimama papo hapo akasema, hii inadanganya." Wanawake wakanitazama kwa heshima, mmoja akaniongezea kitumbua. Nami, mwanamke mzima mwenye wajukuu wanne, ninayejulikana mtaani kwa kumwambia diwani ukweli machoni pake, nikakila kile kitumbua nikanyamaza. Papo hapo, anasema! Haikuwa papo hapo. Nilijua tangu jana yake saa nne asubuhi. Yaliyotokea kati ya kujua na kusema ndiyo ninayoyaandika, kwa sababu Mwalimu ameshakwenda bila kuyajua, na mimi sitaki kwenda nayo.

Ulikuwa mwaka wa njaa kwetu Handeni na mwaka wa mambo mapya Korogwe. Biashara ilikuwa huria, kila mtu anafungua chake: huyu duka la dawa, yule kibanda cha simu, mwingine shule nzima. Shamba la mkonge nililokuwa nikifanyia kazi lilipata mwenyewe mpya, naye akaja na watu wake, sisi tukaambiwa asanteni. Mwalimu Mhina alikuwa amestaafu kufundisha kemia. Kiinua mgongo chake chote alikimalizia kwenye kompyuta nne zilizokwisha kutumika, zile za kichogo, akazipanga katika chumba cha ghorofani juu ya duka la mabati karibu na stendi. Watu walipanda ngazi kwenda kulipia intaneti kwa nusu saa. Mimi nilichukuliwa nifagie, nipike na nichemshe chai. Nilisoma mpaka darasa la nne. Kusoma najua, ila polepole, kama mtu anayechambua mchele.

Kile chumba nakiona hata sasa. Viatu vilibaki mlangoni kama msikitini, maana Mwalimu alisema vumbi ndilo linaloua kompyuta. Ndani kulikuwa na zulia la plastiki, feni moja iliyogeuza shingo huku inalia, na mapazia mazito ya kijani yaliyofanya adhuhuri ionekane kama magharibi. Nyuma ya pazia la mwisho palikuwa na jiko langu la mafuta ya taa, sufuria mbili na ndoo. Pazia halizuii neno. Nikiwa nasonga ugali nilisikia yote: wanafunzi wanavyotongozana kwa barua za kompyuta, wauza mbao wanavyoulizia bei Dar, na Mwalimu anavyobishana na Nuru, mpwa wake. Nuru alikuwa na miaka ishirini na kitu, amesomea kompyuta Dar, anatembea na hedifoni shingoni kama mkufu, na kwake kila kitu ni bomba au ni noma. Mchana tulikula pamoja sote watatu, ugali wa mahindi na dagaa, na kila tonge nililolimeza lilipita kwa shida. Mwanangu Tatu, miaka sita, nilikuwa nimemwacha kijijini na mama yangu, na kule hawakuwa na mahindi. Kila wiki mbili nilimpa kondakta wa basi la Handeni kifurushi cha unga awapelekee. Hakikutosha. Kilichobaki walijazia muhogo, na muhogo unaovumilia ukame kwetu ni ule mchungu.

Siku moja nilikwenda stendi na kifurushi, kondakta akakipokea lakini hakupanda basi. Akanivuta pembeni. "Mama Tatu, kwenye kitongoji cha jirani yenu kuna watoto wawili. Wamelala wazima, wameamka miguu imekakamaa. Ukiwasimamisha wanasimama kwa vidole, visigino havigusi chini. Watu wanasema wamerogwa." Nilirudi ghorofani sijui nimepitaje ngazi. Niliunguza maharage, Mwalimu akaja kuuliza moshi wa nini, nikamweleza huku nalia. Hakucheka. Aliteremka nyuma ya duka, akarudi na ndulele, vile vitunda vichungu vya porini, tele kwenye kofia yake na vijiti vya kuchokolea meno. Akaketi kwenye kigoda changu, mzee wa watu na suruali yake ya kitambaa, akaanza kuzichomekea ndulele moja kwa nyingine mpaka zikawa kama tawi. Moja akaipaka buluu yangu ya kufulia. "Si uchawi, Mama Tatu. Ni muhogo. Tawi hili limo ndani ya ule mchungu. Hizi zote za huku ni sukari. Hii moja ya buluu, ikiwa imeshikwa na wenzake, imetulia. Muhogo ukiloweka siku tatu, inaachia majini, inaondoka na hewa. Usipoloweka, inaachia tumboni mwa mtoto." Nikamwuliza, kitu kimoja kidogo hivi? Akasema, "Kidogo hata jicho halikioni." Nikaitazama ile ndulele kama nyoka aliyeingia jikoni.

Nilituma maneno kwa kondakta: mwambie mama aloweke siku tatu. Majibu yalikuja na basi lililofuata, kondakta akayatoa kama alivyoagizwa, hata sauti akaiigiza. "Bibi anasema maji ya kunywa yenyewe wanayafuata nusu siku, ya kulowekea ayatoe wapi? Anasema wale watoto wamerogwa na wanaojulikana. Anasema amelea saba kwa muhogo, na wewe ukiwa mmoja wao, mbona miguu unayo?" Abiria wakacheka. Mimi sikucheka. Yeye alikuwa akimenya, anaanika siku moja, anatwanga, anasonga. Siku moja! Kila nilipomwona mtoto wa watu anateremka ngazi za duka, macho yangu yalikwenda visiginoni.

Mwalimu naye hakulala na lile jambo. Alisema mwanamke wa Handeni mwenye njaa hatamsikiliza mzee wa milimani mwenye kofia ya ndulele. Aone kwa macho na asikie kwa lugha yake. Nuru akasema kwenye intaneti kuna programu ya bure inayochora vitu kama vile na kuvizungusha kama unavyogeuza chungwa mkononi. Siku mbili nzima aliivuta kwa waya wa simu, na wateja wakanuna. Ilipofika, lile tawi likatokea kwenye kioo, gololi thelathini na kitu zinazong'aa: za kijivu, nyekundu, vijeupe vidogo vidogo, na moja tu ya buluu. Nuru akaniita nije nione, mikono yangu ikiwa na unga. "Sasa, dada, programu yenyewe haijui maana ya chochote. Inajua kuchora na kuzungusha tu. Lakini ukiigusa gololi kwa hii mausi, inaniita. Si mimi Nuru. Ni maagizo niliyoyaacha humo ndani. Inayaambia, gololi namba fulani imeguswa. Maagizo yanatazama kwenye orodha yangu, namba hiyo sauti yake ni ipi, halafu sauti inatoka."

"Kama mtu anayeita watoto," nikasema. "Akiita Tatu, Tatu ndiye aitike abee."

"Hapo hapo! Umeshika kuliko wanafunzi wa mjomba."

"Na akiitika asiyeitwa?"

Akacheka kile kicheko chake. "Haitokei, dada. Mashine haina utundu wa watoto."

Sauti ikawa yangu. Kizigua, lugha yetu ya Handeni, Mwalimu alikisikia nusu nusu, na akikisema kilikuwa na milima ndani yake, wanawake wangemcheka. Nuru hakujua hata neno moja. Basi wakanipeleka kwenye stoo ya mabati chini, wakaning'iniza magodoro kuzuia kelele za stendi, wakaniwekea kinasa sauti mdomoni. Maneno niliyatunga mwenyewe. Kwa gololi za sukari na nyingine zote zisizo na lawama nilisema: hapa ni sukari, mama, hapana neno, mpe mtoto ale. Kwa ile ya buluu nilisema: hapa pana kifo, mama, loweka siku tatu, anika mpaka ukauke kabisa, ndipo utwange. Hakuna aliyenituma kusema "mpe mtoto ale." Nilidhani ni maneno matamu, yatawalegeza wanawake wasikasirike. Nimeyajutia kuliko tusi lolote nililowahi kutukana, na nimetukana.

Sasa nieleze kosa langu, ili ijulikane kwa nini niliogopa. Wiki moja kabla ya safari ya kuwapelekea wanawake wa Handeni ile kompyuta, nilikuwa napiga pasi shati la Mwalimu. Tundu la umeme lilikuwa na waya, nikauchomoa, nikachomeka pasi. Kumbe ni waya wa kompyuta ya Nuru, na kazi yake ya siku mbili ikapotea yote. Alipiga kelele mpaka watu wa duka la mabati wakapanda kuangalia. Baadaye, nyuma ya pazia, nilimsikia anamwambia Mwalimu, "Mjomba, yule mama akiendelea kushikashika vitu atatuua." Mwalimu akaja jikoni. Hakufoka, na ndiyo maana iliniingia. "Mama Tatu, ukigusa tena kitu chochote kwenye zile meza, utarudi Handeni. Sitalisema mara ya pili." Kurudi Handeni maana yake unga haupandi basi tena, na unga usipopanda basi, Tatu anakula muhogo peke yake asubuhi na jioni. Tangu hapo nilifuta meza kama mtu anayefuta uso wa maiti.

Siku ya kuamkia safari Mwalimu alikwenda Tanga kuazima jenereta. Asubuhi hiyo Nuru aliamua kuibadilisha ile programu. Ya zamani ilikuwa inaganda, akaweka toleo jipya alilolivuta. Nilimsikia anaijaribu na hedifoni masikioni: anagusa, anatikisa kichwa, anagusa, anatikisa kichwa. "Kitu bomba! Zote zinaitika." Zilikuwa zinaitika kweli. Lakini yeye alisikia sauti tu, maneno hayajui. Akateremka stendi kutafuta chakula, akaacha kioo kinawaka na hedifoni juu ya meza.

Nilikuwa na kitambaa mkononi. Sijui niseme nini. Nilitamani kuisikia sauti yangu, basi. Mwanamke wa darasa la nne, anayezungumza ndani ya kompyuta! Nikaziweka hedifoni masikioni, nikaishika mausi kwa vidole viwili kama nimeshika panya kweli, nikakipeleka kile kimshale juu ya gololi ya buluu, nikabonyeza. Nikajisikia nasema: hapa ni sukari, mama, hapana neno, mpe mtoto ale. Nikabonyeza tena. Mpe mtoto ale. Nikahamia kijeupe cha pembeni yake, kitoto kisicho na hatia, kikaniambia: hapa pana kifo. Nilisikia viatu vya Nuru vinavuliwa mlangoni. Nikazirudisha hedifoni, nikaanza kufuta mahali palipokuwa pameshafutwa.

"Dada, hujagusa kitu hapo?"

"Niguse nini mimi? Nafuta vumbi."

Huo ndio uongo wenyewe, maneno matano. Ukiniuliza leo kwa nini, nina majibu mengi na yote yananiaibisha. Nilijiambia mkono wangu umekosea, haujazoea. Nilijiambia wao ndio wamesoma. Mimi nani wa kumwambia msomi gololi yake imekosea jina? Mwalimu akirudi ataijaribu, Kizigua kidogo anakisikia, ataona. Lakini Mwalimu alirudi na jenereta jioni kabisa, amechoka, akauliza tu, "Inafanya kazi?" Nuru akasema, "Bomba." Na mimi nikapakua chakula. Chini ya majibu yote kulikuwa na moja tu: nikisema, watajua niligusa, na unga wa Tatu utakatika. Niliogopa njaa ya mwanangu nikaisahau sumu ya mwanangu. Mtu akiogopa vitu viwili kwa wakati mmoja, hutazama kile kilicho karibu.

Tuliondoka alfajiri kwa pikapu, kompyuta imezungushiwa godoro na khanga zangu mbili, mimi nimeikumbatia nyuma kama mgonjwa. Barabara ya Handeni ilikuwa vumbi tupu na mashimo. Kila tuliporuka niliomba ivunjike. Naliandika hili bila haya: nilimwomba Mungu aivunje. Haikuvunjika.

Mkutano ulikuwa kwenye ghala la ushirika, lililokaa tupu tangu biashara iwe huria, bado linanuka pamba na mikojo ya popo. Wanawake kama arobaini waliketi kwenye mikeka, nyuso zimekonda, wengine na watoto mgongoni. Mbele, kwenye viti, wageni wawili wa shirika kutoka Dar waliokuja kuona kama jambo hili lipelekwe vijiji vingine. Mama yangu alikuwa mstari wa kwanza na khanga yake nzuri. Nikapiga goti, "Shikamoo mama. Tatu yuko wapi?"

"Marahaba. Nimemwacha analinda makopa ya muhogo, mbuzi wa watu hawana adabu."

"Umeanika lini?"

"Jana. Usianze, we mtoto. Mbele za watu usianze."

Sikuanza. Kwetu mzazi akishasema mbele za watu, mtoto humeza. Nikaenda mlangoni kwenye sufuria la uji wa wageni, nikashika upawa. Jenereta likanguruma nje, kioo kikawaka, wanawake wakasema eeh kwa pamoja. Mwalimu alieleza kwa Kiswahili kizuri, kisha akasema aliye mkubwa kuliko wote aje aguse kwanza. Mama akainuka. Nuru akamshika mkono mkavu ule, akauweka juu ya mausi, akauongoza taratibu hadi kwenye buluu. Nilitaka kupiga kelele. Upawa ulikuwa mkononi, mdomo ulikuwa wazi, na hakikutoka kitu. Spika zikaongea. Sauti yangu, kwa Kizigua safi, ikajaa ghala zima: hapa ni sukari, mama, hapana neno, mpe mtoto ale.

"Ee! Ni Mama Tatu!" wanawake wakashangilia. Mwalimu, masikio yamejaa jenereta, alikuwa amewageukia wageni anawatafsiria alichodhani kimesemwa: "Hapo anawaonya ni sumu." Wageni wakatikisa vichwa wameridhika. Mama akasimama wima, akawageukia wenzake, akacheka kwa meno yake yote manne.

"Mmesikia? Mwezi mzima natumiwa makondakta wanigombeze, kumbe mwenyewe ananiambia mpe mtoto ale! Mashine ina akili kuliko kondakta."

"Bibi, umeshinda kesi!" mmoja akamtania.

"Nimeshinda. Na mtoto mwenyewe ana njaa. Nakwenda kupika." Akajifunga khanga kiunoni, akanipita pale mlangoni, akanipiga begani kwa furaha, akatoka.

Na mimi nikamwacha aende. Andika hivyo hivyo, nilijiambia nilipoanza ukurasa huu, usitafute neno laini. Nilimtazama mgongo mpaka akapotea kwenye vichaka. Mwanamke wa pili akagusa, akacheka. Wa tatu. Mwalimu anatafsiri, wageni wanaandika. Uji niliokuwa nimeupakua ukitoa moshi ulikuwa umeshaota ngozi juu. Ndipo akaja mwanamke mwembamba, simjui hata jina, kichanga mgongoni. Akagusa buluu, akasikiliza, akageuza shingo akamwambia mwanawe polepole, "Umesikia, baba? Leo tutakula." Hapo mdomo ulijisemea. "Zima! Zima hiyo! Sauti ni yangu na inasema uongo! Hapo ndipo penye kifo!"

Nuru alikuwa mweupe kama unga. Akafungua daftari lake la orodha, akagusa gololi moja baada ya nyingine, na mimi namtafsiria kila inavyosema, akaandika. Kisha akashika kichwa. "Mjomba, ya zamani ilihesabu kuanzia moja. Hii mpya inaanza na sifuri. Kila anayeitwa, anaitika jirani yake."

"Nani anaanza kuhesabu na sifuri?" mwanamke mmoja akauliza kwenye mkeka. Nuru aliongeza moja mahali fulani kwenye maagizo yake, kitu cha kufumba na kufumbua, huku machozi yanadondoka kwenye vitufe. Mwalimu akanishika mikono yote miwili mbele ya wageni. "Mungu akubariki, Mama Tatu. Umeliona papo hapo." Hapo ndipo neno lilipoanzia. Ningeweza kumsahihisha. Lakini nilikuwa nimeshatupa upawa, niko nje, nakimbia.

Kutoka ghalani mpaka kwetu ni mwendo wa kumaliza hadithi ndefu. Kandambili moja ilikatika, nikaitupa na ya pili. Miiba, mawe, sikuona. Nilikuwa nahesabu tu: ameshafika, ameshawasha moto, maji yamechemka, ameshasonga. Nilipotokea kwenye kiwanja niliona moshi, na karibu na mlango wa jiko Tatu ameketi chini, miguu ameinyoosha mbele, bakuli kati ya mapaja, analamba vidole. Akafurahi, "Mama!" Nikampokonya bakuli. Lilikuwa tupu.

Mama akatoka jikoni na mwiko. "Una wazimu? Unampokonya mtoto bakuli?"

"Mama, mashine imekosea. Pale palikuwa pa sumu. Imekosea."

"Mashine haina kinywa," akasema. "Sauti ilikuwa yako."

Basi nikamwambia lililobaki. Nilimwambia nilijua tangu jana. Nikamwambia nilikuwa mlangoni na upawa nikamtazama anaondoka. Yeye peke yake duniani ndiye niliyewahi kumwambia, mpaka leo. Nilingoja anipige, ningefurahi. Hakunipiga. Aliingia jikoni akatoka na sufuria, ugali mweupe umebaki nusu, mwaka ule wa njaa, akautupa shimoni, akaufukia kwa mguu. Kisha akachukua debe la maji ya kunywa, maji yote ya nyumba, akamwagia makopa kwenye beseni mpaka yakazama.

Jua lilipoanza kuinama Tatu akasema kichwa kinazunguka. Akatapika mara ya kwanza, mara ya pili, akalegea mikononi mwangu, macho yanakwenda juu. Gari hakuna, pikapu ilikuwa imesharudi Korogwe na wenzangu, na zahanati haikuwa karibu. Nilimpa maji ya sukari niliyokopa kwa jirani kijiko kwa kijiko, mama anamshika miguu, anaisugua, anaisugua, na sisi wawili tunajua kwa nini anaisugua. Alipotulia akalala. Sikujua ule ni usingizi au ni nini. Niliweka kidole chini ya pua yake na sikukitoa.

Asubuhi aliamka mwenyewe, akaomba uji. Nilikuwa na unga wa mahindi niliokuja nao kwenye pikapu, jirani aliniletea usiku kutoka ghalani, lakini sikuinuka kupika. Nilimtoa nje kwenye mwanga, nikamshika kwapani, nikamsimamisha. "Weka visigino chini," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Weka tu, mama."

Akaviweka. Viwili, vimegusa mchanga. Nikamwachia taratibu, nikarudi nyuma hatua mbili. Mama alikuwa kulia kwangu ameegemea nguzo ya jiko. Kilichobaki kilikuwa kumwambia atembee. Nilifungua mdomo, neno halikuja. Nikamtazama mama asaidie. Naye alikuwa ananitazama mimi, midomo inacheza. Tulisimama hivyo, watu wazima wawili, hakuna aliyethubutu kumwambia mtoto wa miaka sita atembee. Tatu akatutazama mmoja baada ya mwingine kama tumeharibika akili. Kisha akachoka nasi, akatupita katikati, akakimbilia nyuma ya nyumba kukojoa.